Siti binti Saad, mwanamke aliyewapa wanyonge jukwaa

Mwaka wa 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Halikuwa jina la utani. Baba yake, Mzee Saadi, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua. Familia yao ilikuwa katika hali ya utumwa, na mtoto akaibeba hali hiyo hata katika jina. Miaka sabini baadaye, tarehe 8 Julai 1950, mwanamke huyo alipofariki, pwani yote ilimjua kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Safari ya kutoka jina la kwanza hadi la pili ndiyo ninayotaka kuisimulia leo. Nimekuwa nikiiwaza tangu vijana wa mtaa wetu hapa Miritini walipotuigizia maisha yake jukwaani, kwa nyimbo na ala, usiku mmoja wa Jumamosi. Nitaufikia usiku huo. Kwanza tumjue Siti mwenyewe, kwa sababu wengi wetu tuna jina lake midomoni bila kuwa na habari zake.

Muuza vyungu

Watu wa Fumba walikuwa wakulima, wavuvi na wafinyanzi. Mtumwa alikulia katika kazi ya vyungu: kuchimba udongo, kuukanda, kufinyanga, kuanika, kuchoma, kisha kuvitia kichwani kwenda kuviuza mjini. Ni mwendo mrefu kwa miguu, jua likiwaka, na chungu kikianguka njiani kazi yote imepotea. Alipofika mitaani alinadi bidhaa yake kwa sauti, na inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti hiyo kabla hawajamwona mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi nchi yake ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka wa 1890, na miaka kumi na saba amri ya kukomesha utumwa ilipotolewa mwaka wa 1897. Lakini amri hiyo haikumfungulia kila mtu mlango. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba, na aliyeupata alirudi mtaani akawakuta watu wale wale, wanaokumbuka vizuri nani ni mwungwana na nani si mwungwana. Msichana wa shamba, binti wa watumwa, ambaye hakusoma shule, hakuwa na jambo ambalo mji ungemheshimia. Alikuwa na sauti tu, na wakati huo sauti yake ilimsaidia kuuza vyungu.

Mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka 31, aliiacha Fumba akahamia mjini. Ni mwaka ule ule ambapo Sayyid Khalifa bin Haroub alitawazwa kuwa Sultani wa Zanzibar. Mmoja aliingia mjini kwa mizinga, mwingine kwa miguu yake. Haikupita miaka mingi, muuza vyungu yule akawa anaitwa ikulu kuimba mbele ya Sultani.

Taarab ilikuwa na wenyewe

Ili tuone ukubwa wa jambo alilolifanya, tukumbuke taarab ilikuwaje kabla yake. Iliingia Unguja kwa mlango wa ikulu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka kijana aitwaye Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga kanuni, ile ala yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Kijana aliporudi, alipiga mbele ya Sultani na wageni wake. Mwaka wa 1905 wapenzi wa muziki huo mjini walianzisha kikundi cha Ikhwani Safaa. Wapigaji walikuwa wanaume na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Mtu wa kawaida aliyepita chini ya dirisha alisikia utamu wa ala, lakini maneno yalimpita.

Ndani ya kikundi hicho alikuwamo Muhsin Ali. Huyu aliisikia sauti ya mwanamke yule kutoka shamba, akaona ni mali isiyopaswa kupotea. Akamfundisha mahadhi, namna ya kuitunza pumzi na kuiongoza sauti, na upigaji wa ala. Akamjulisha pia kwa wanamuziki wenzake. Wakati huo huo mwanafunzi alijifunza Kurani, na akapata sifa kwa usomaji wake. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu nitalihitaji mbele. Mwanamke aliyefika mjini bila elimu aliketi chini akiwa mtu mzima, akasoma, akafuzu.

Kutoka hapo akawa na kundi lake. Walikuwamo Subeti Ambari, Maalim Shaaban, na mpigaji kipofu aliyeitwa Mbaruk Effandi Talsam. Huyu Mbaruk sisi wa upande huu hatuna budi kumdai, maana asili yake ni Mombasa. Tungo zao nyingi hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Walikaa pamoja, mmoja akaleta kisa, mwingine ubeti, mwingine lahani, hadi wimbo ukakamilika. Mbele ya wanaume hao aliketi mwanamke, akiimba kwa Kiswahili.

Hilo la Kiswahili ndilo lililougeuza muziki. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu pia, na ikulu aliimba. Lakini alipoziingiza katika taarab lugha ya sokoni, misemo ya jikoni na mafumbo ya barazani, yule mpita njia chini ya dirisha akasimama. Sasa alielewa, na alisikia mambo yake mwenyewe yakiimbwa.

Mji ukampa jina la Siti. Si wote waliofurahi. Wapinzani walitunga wimbo wa kumcheka kwa alikotoka, kwa mavazi aliyoingia nayo mjini na kwa sura yake, kwa kuwa hakuwa mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri. Siti hakwenda kugombana mlangoni kwa mtu. Alijibu kwa wimbo, na hoja yake ilikuwa kwamba uzuri wa sura haumfai mtu ikiwa akili na mwenendo havipo. Waliomcheka wamesahaulika majina. Jibu lake linaimbwa hadi leo.

Ng'ambo yao na ng'ambo yetu

Mji wa Unguja ulikuwa pande mbili. Upande mmoja Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, ofisi, maduka makubwa na ikulu. Upande wa pili, baada ya mkono wa bahari, Ng'ambo, yenye nyumba za udongo na makuti, walikoishi mafundi, wachukuzi, madobi, wapishi, wavuvi na wale waliotoka utumwani. Neno lenyewe linaeleza: ng'ambo ni upande ule mwingine, upande usiokuwa wa mwenye kusema.

Msomaji wa Miritini haelekezwi maana ya hilo. Sisi tukisema tunakwenda mjini, tunamaanisha kuvuka Makupa. Ofisi ziko kule, hospitali kuu iko kule, na ukumbi wa maigizo wa Little Theatre Club nao uko kule. Huku kwetu kuna barabara ya Nairobi, malori ya makontena, mabohari, na tangu 2017 stesheni kubwa ya reli. Mizigo ya nchi nzima inapita mlangoni kwetu, lakini tukitaka kuona mchezo jukwaani, tunapanda matatu.

Siti aliimba pande zote mbili. Usiku mmoja ikulu au katika nyumba ya tajiri, usiku mwingine nyumbani kwake Ng'ambo, ambapo kundi lake lilikutana na majirani wakaja kusikiliza. Hapo hapakuwa na kadi ya mwaliko. Ng'ambo, chumba cha Siti kikawa ukumbi.

Anayeijua taarab kwa simu peke yake hawezi kuelewa kilichotokea katika chumba kile, na ndiyo maana nasisitiza habari ya kuiona moja kwa moja. Kwanza wapigaji hukaza nyuzi, na hakuna anayeharakisha. Udi hutangulia, fidla ikafuata, kisha dumbaki. Mwimbaji hakurupuki. Anatoa ubeti, anauacha ukae, anautazama umati. Mtu akiguswa huinuka kwenda kutuza, na kutuza kwenyewe ni kusema: huu wimbo wangu, aliyekusudiwa na asikie. Fumbo linatatuliwa pale pale kwa macho, kwa kicheko, kwa kigelegele, au kwa mtu kunyanyuka akaondoka. Ubeti uliopendwa unarudiwa. Mwimbaji anajua saa hiyo hiyo kama amesema kweli.

Bombay

Mwaka wa 1928 kampuni ya santuri ya Gramophone, iliyojulikana kwa chapa ya His Master's Voice, iliwachukua Siti na wenzake kwenda Bombay kurekodi. Walivuka Bahari ya Hindi kwa meli, mwimbaji mwenye umri wa karibu miaka 48 na wapigaji wake, kwenda kuimba mbele ya kipaza sauti katika mji wa ugenini. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amerekodi santuri kabla yake.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo ambao nyumbani kwake ungechukua sehemu nzuri ya usiku ilibidi ukatwe ukatoshe humo. Hapakuwa na kutuza, hapakuwa na vigelegele, na kosa lilimaanisha kuanza upya. Hata hivyo kilichobaki ndani ya zile dakika tatu kilitosha. Kufikia 1931 santuri za kundi hilo zilizouzwa zilikuwa zimepita 70,000, katika nchi ambazo mwenye gramafoni alihesabika. Watu walikusanyika mikahawani kumsikiliza, wakinunua kahawa ili wapate haki ya kukaa. Bombay walirudi tena, na makampuni mengine yakaanza kuzitafuta sauti za pwani.

Kwa hiyo mwanamke ambaye watu walimcheka kwa asili yake sasa alisikika bandarini na bara, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Kiswahili cha Ng'ambo kilisafiri ndani ya sahani nyeusi.

Wimbo wa Kijiti, na usiku wetu Miritini

Kati ya nyimbo zake uko mmoja uitwao Kijiti. Kisa chake ni hiki. Mwanamke mgeni, mja mzito, alifika Unguja kutoka Dar es Salaam. Mwanamume aitwaye Kijiti alimchukua matembezini usiku, wakifuatana na marafiki, na pombe ikiwamo. Huko alimfanyia unyama na kumwua, yeye na mimba yake, kisha akavuka kwenda bara akapotea. Kesi ilipofika mbele ya hakimu, mwenye kosa hakuwapo. Waliokuwapo ni mashahidi, wanawake waliokuja kusema walichokiona. Hasira ya hakimu ikawaangukia wao kwa habari ya pombe ile, na wao ndio waliofungwa.

Siti na wenzake waliuchukua mkasa huo wakauimba kwa majina. Ambaye mahakama haikumpata, wimbo ulimpata. Kila ulipoimbwa, Kijiti alihukumiwa upya, na hakimu naye alitiwa kizimbani pamoja naye. Hawakuwa na gazeti wala kiti katika baraza la kutunga sheria. Walikuwa na jukwaa. Ni kazi waliyoizoea, maana waliimba pia juu ya wakubwa waliokula fedha za watu wasiojua kusoma.

Sasa nifike kwenye usiku wetu. Vijana walitandaza jukwaa la mbao katika uwanja wa shule, wakafunga turubai nyuma, wakawasha jenereta. Kiingilio kilikuwa shilingi hamsini, watoto bure, na kina mama waliketi mbele juu ya mikeka. Mchezo ulianza baada ya Isha. Udi hawakuwa nao, wakatumia kinanda na gitaa. Fidla ilikuwa moja, ya kuazima. Aliyeigiza Siti alikuwa msichana wa kidato cha tatu, na alipoingia na chungu kichwani akinadi, watoto walianza kumwitikia kana kwamba ni muuza mboga wa asubuhi. Malori yalikuwa yakinguruma barabarani, na mara mbili ilimbidi angoje yapite ndipo amalize ubeti. Watu walicheka, naye akacheka, akaendelea.

Walipofika kwenye kisa cha Kijiti kicheko kilikatika. Vijana walikuwa wametunga maneno yao wenyewe juu ya kisa kile. Mashahidi wawili waliletwa mbele ya hakimu, wakaulizwa maswali, na kila jibu walilotoa likageuzwa kuwa kosa lao. Muziki ulinyamaza kabisa. Msichana aliimba peke yake, bila ala, huku wale wawili wakiongozwa kushuka ngazi za jukwaa na kupita katikati yetu, mikono nyuma, karibu nasi kiasi cha kuwagusa. Hakuna aliyepiga makofi. Wakati wa sehemu nyingine zote watu walikuwa wakirekodi kwa simu. Hapo niliona simu nyingi zikishushwa.

Pembeni yangu alikuwa ameketi mama mmoja jirani. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu alinieleza jambo ambalo kwa miaka yote ya ujirani hakuwahi kunieleza. Aliwahi kwenda kutoa ushahidi juu ya msichana aliyeharibiwa usiku wa disko matanga. Aliona kwa macho yake. Alipofika mbele ya wenye kuandika taarifa aliulizwa yeye mwenyewe alikuwa akitafuta nini pale saa zile, ni nani aliyemuuzia watu mnazi, na kwa nini mwanamke wa umri wake hayuko kwake. Alitoka akiwa mshtakiwa. Familia ya msichana ilihama. Mwanamume yuko, akipita humsalimia. Mama huyu aliniambia hajawahi kusikia mtu akiusema mkasa wake hadharani hadi usiku ule, na wala haukuwa wake, ulikuwa wa Unguja wa karibu miaka mia iliyopita.

Disko matanga zenyewe viongozi wa Pwani wamezipiga marufuku zaidi ya mara moja, na bado zinapigwa. Tangazo husomwa likasahaulika. Wimbo mtu hurudi nao nyumbani.

Alichokiacha

Siti aliimba hadi uzeeni. Kabla hajafariki, Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, alipata kuzungumza naye, na matokeo yake ni kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi, hasa Tanzania. Hebu tulipime jambo hilo. Mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake, alipotaka kuandika maisha ya mtu wa kuigwa, alimchagua mwanamke aliyezaliwa na jina la Mtumwa.

Baada yake walikuja wengi. Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kama Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliiga na kuzieneza nyimbo za Siti duniani kote. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha jarida lao katika miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti. Kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu mwaka wa 2020 yenye nyimbo za bibi yake. Na kila mwanamke aliyeshika kipaza sauti cha taarab hapa Mombasa, tangu Zuhura Swaleh na Malika hadi hawa wa leo, amepita katika mlango alioufungua Siti.

Neno langu kwa Miritini

Baada ya mchezo kulikuwa na manung'uniko. Wazee wawili watatu walisema si adabu kumsimamisha msichana mbele ya umati usiku. Nawaheshimu, na baadhi yao ni wajomba zangu. Lakini nawaomba wamtazame Siti mzima, wasimtazame nusu. Huyo aliyesimama mbele ya watu ndiye aliyesoma Kurani akasifiwa. Heshima yake haikupotea jukwaani. Aliipata hapo, wakati kila mlango mwingine ulikuwa umefungwa. Na kama ni hatari ya usiku, msichana yule alikuwa mbele ya wazazi wake, walimu wake na majirani mia kadhaa, taa zikiwaka. Tunajua mahali wasichana wetu wanapoharibiwa usiku, na si pale.

Kinachonisumbua mimi ni jambo jingine. Watoto wetu wakiwa shuleni wana tamasha za muziki na za maigizo, wanashindana hadi ngazi ya taifa, wanarudi na vikombe. Wakimaliza kidato cha nne jukwaa linakwisha. Yule msichana amebakiza muda mfupi. Akitaka kuendelea, atavuka Makupa kwa nauli ya nani, na arudi saa ngapi? Wale vijana walilipa jenereta kwa kuchangishana. Fidla waliirudisha kwa mwenyewe Jumapili asubuhi.

Katiba yetu ya 2010 imezipa kaunti kazi ya shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Haikusema ni kwa wakazi wa kisiwani peke yao. Kila mwaka tunaitwa katika vikao vya kutoa maoni juu ya bajeti, na kila mwaka tunasema barabara, maji, bursari, taa. Tuendelee kuyasema hayo. Safari hii tuongeze ukumbi mmoja wa wadi, wenye jukwaa, umeme na mlango unaofungika, ambapo mtu anaweza kuigiza, kuimba, kufanya harusi na kusema lililompata. Wenye mabohari ambao malori yao yanatupita usiku kucha nao waombwe sehemu yao, si kwa hisani, kwa ujirani.

Siti alingoja hadi umri wa miaka 31 ndipo akakutana na mtu wa kumfundisha, na ilimbidi aache kwao. Hatujui ni wangapi wa Fumba waliokuwa na sauti kama yake na hawakuutoka udongo. Wa kwetu tunawajua kwa majina, na makwao tunapajua. Kikao cha bajeti kikitangazwa, twendeni, na tuwape wao nafasi ya kusema kwanza.